Robert Smalls: rubani aliyenyimwa jina, mbunge aliyepigania shule

Mwanafunzi anayeanza somo la lugha za krioli hukutana mapema na Kigullah, lugha ya Weusi wa pwani ya South Carolina na Georgia, huko Marekani. Mwaka 1949 mwanaisimu Mmarekani Mweusi, Lorenzo Dow Turner, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba lugha hiyo, ambayo Wazungu wengi waliidharau na kuiona kama Kiingereza kilichoharibika, ilikuwa imebeba maelfu ya majina na maneno kutoka Afrika. Baadhi ya maneno hayo yalitoka upande wetu. Anayejua Kikongo au Lingala anajua kwamba karanga ni nguba. Neno hilohilo lilivuka bahari pamoja na watumwa, likawa goober katika Kiingereza cha Kusini mwa Marekani.

Hata hivyo, darasani tunajifunza maneno zaidi kuliko tunavyojifunza watu walioyasema. Makala hii inamhusu mmoja wao. Robert Smalls alizaliwa mtumwa, akakulia kati ya wasemaji wa Kigullah, akawa rubani wa meli, kisha mbunge wa jimbo, seneta wa jimbo, na mwishowe mbunge wa taifa. Wanaomfahamu humfahamu hasa kwa usiku mmoja wa mwaka 1862. Usiku huo tutausimulia, lakini kazi yake ya siasa ilidumu miaka mingi baadaye, na ndani yake kuna swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: nani ana haki ya kuamua kwamba mtu fulani anajua kusoma, au kwamba ameelewa alichosomewa?

Mtoto wa Lydia

Robert alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa bandari uitwao Beaufort, South Carolina, ndani ya kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wake, Henry McKee. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumwa wa nyumbani. Yeye mwenyewe alizaliwa shambani, katika kisiwa cha jirani, akaletwa mjini angali msichana mdogo. Baba wa Robert alikuwa Mzungu ambaye hakumtambua mtoto wake. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida, na sheria ilisema kwamba mtoto hufuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa.

Visiwa vya pale vililimwa mpunga na pamba. Weusi walikuwa wengi mno kuliko Wazungu, na ndiyo maana lugha yao ilikua na kudumu. Robert aliisikia kwa mama yake na kwa watu wa mashambani, na aliendelea kuitumia hata alipokuwa mtu mkubwa.

Bwana McKee alimpenda kijana huyo, akawa anamchukua katika safari zake. Inasimuliwa kwamba Lydia aliingiwa na hofu. Aliona mwanawe anakua bila kujua utumwa ni nini hasa, akampeleka makusudi aone watumwa wakichapwa viboko na wakiuzwa mnadani. Kijana alibadilika, akaanza kuwa mkaidi na kuvunja amri ya kutotembea usiku. Mama akaogopa tena, safari hii kwamba angeuawa, akamwomba McKee ampeleke mji mkubwa wa Charleston. Robert alikuwa na miaka 12.

Tangu mwaka 1834 sheria ya South Carolina ilikuwa imekataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Aliyevunja sheria hiyo aliadhibiwa, awe Mzungu au Mweusi. Robert Smalls aliingia Charleston hajui herufi hata moja, na aliondoka humo miaka 11 baadaye akiwa vilevile. Hakuwa mjinga. Serikali ndiyo iliyoandika sheria ya kumzuia.

Mshika usukani

Charleston kulikuwa na desturi ya kuwakodisha watumwa. Mtumwa alifanya kazi kwa watu wengine, na mshahara wake ulikwenda kwa bwana wake. Robert alifanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akashuka bandarini. Huko alipanda ngazi moja baada ya nyingine: mchukuzi wa mizigo, mtengenezaji wa matanga, baharia. Mwishowe aliijua mikondo na mafungu ya mchanga ya bandari ile kama mtu anavyojua njia ya kwenda kwao.

Tarehe 24 Desemba 1856, akiwa na miaka 17, alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Binti yao Elizabeth alizaliwa mwaka 1858. Kwa kuwa Hannah alikuwa mali ya bwana mwingine, mtoto naye alikuwa mali ya bwana huyo. Robert alielewana naye kwamba angewanunua mke na mtoto kwa dola 800. Akaanza kuweka akiba senti kwa senti, huku akijua kwamba bwana yule angeweza kubadili mawazo siku yoyote na kuwauza mbali.

Vita kati ya Kaskazini na Kusini vilipoanza mwaka 1861, Robert aliwekwa kwenye meli ya mvuke iitwayo Planter, ambayo jeshi la Kusini liliitumia kubeba mizinga na askari. Kazi yake ilikuwa kuiongoza meli hiyo kati ya mafungu na mabomu yaliyotegwa majini. Kwa Kiswahili tungemwita rubani bila kusita, kwa maana ya kwanza ya neno hilo, kabla halijapewa waendesha ndege. Lakini Wazungu wa Kusini hawakukubali Mweusi aitwe kwa jina la kazi hiyo yenye heshima. Walimwita mshika usukani tu. Ujuzi wake waliutumia kila siku, ila jina lake walimnyima.

Usiku wa tarehe 12 Mei 1862, nahodha na maofisa wenzake wawili walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Melini walibaki mabaharia watumwa peke yao. Mpango ulikuwa tayari. Karibu saa tisa usiku Smalls aliwasha mitambo, akavaa kofia ya majani ya nahodha, akaondoa meli gatini na kupitia mahali ambapo mkewe, watoto wake na jamaa za wenzake walikuwa wamejificha wakisubiri. Jumla yao walikuwa watu 16. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakigunduliwa wataizamisha meli, na ikichelewa kuzama washikane mikono waruke pamoja.

Ili kutoka bandarini ilibidi wapite mbele ya ngome kadhaa, na kubwa kuliko zote ilikuwa Fort Sumter. Smalls alisimama pale ambapo nahodha alizoea kusimama, akakunja mikono kama yeye, kofia ikamfunika uso, akapiga king'ora kwa ishara iliyotakiwa. Walinzi waliiona meli wanayoijua, na mtu mwenye umbo na mwendo wanaoujua. Wakairuhusu. Walipokuwa nje ya shabaha ya mizinga, walishusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe. Alfajiri ya tarehe 13 Mei Planter ilijisalimisha kwa meli ya Kaskazini iitwayo Onward, pamoja na mizinga yake, kitabu cha ishara za siri, na kichwa cha Smalls, kilichojua mahali palipotegwa kila bomu.

Serikali ya Kaskazini ilimlipa dola 1,500. Mwezi Agosti alipelekwa Washington kusaidia kuiomba serikali iwaruhusu Weusi kuwa askari, na ruhusa ya kuandikisha watu 5,000 katika pwani yake ikatolewa. Alirudi vitani akiwa rubani, sasa kwa jina kamili. Mwishoni mwa mwaka 1863, nahodha Mzungu wa Planter alipokimbilia chini ya meli kujificha na risasi, Smalls alishika uongozi na kuiokoa. Baada ya hapo alipewa unahodha wa meli ileile aliyoiiba.

Herufi za Philadelphia

Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia kutengenezwa, na Smalls alikaa huko miezi mingi. Alikuwa na miaka 25. Magazeti yalikuwa yamemwandika nchi nzima, naye hakuweza kuyasoma. Alitafuta waalimu, akaanza na herufi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Katika mji huo huo wa Kaskazini aliamriwa siku moja kuachia nafasi yake ndani ya gari la abiria la reli ya mjini, kwa sababu ya rangi yake. Alishuka akaenda kwa miguu. Habari ya shujaa wa vita kufanyiwa hivyo ilitumiwa na waliokuwa wakipigania haki, na mwaka 1867 sheria ya jimbo la Pennsylvania ilikataza ubaguzi katika magari hayo.

Wakati wa vita, mali za Wazungu wa Beaufort walioshindwa kulipa kodi ya serikali zilipigwa mnada. Smalls alinunua nyumba ya McKee, ileile ambayo alizaliwa uani kwake. Baadaye mwenye nyumba wa mwisho kabla ya vita alimshitaki, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya nchi. Smalls alishinda mwaka 1878. Familia yake imesimulia kwamba baada ya vita mke wa McKee, aliyekuwa amezeeka na kupoteza kumbukumbu, alirudi akidhani nyumba bado ni yake, naye Smalls akamwacha aingie na kumpa chumba chake cha zamani.

Katiba ya mwaka 1868

Kabla ya kuendelea, tueleze jambo moja kwa msomaji wa kwetu. Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake, ambalo karibu kila mahali lina vyumba viwili. Kwa hiyo mbunge wa jimbo huko hafanani kabisa na mbunge wa jimbo hapa Kongo. Shule, kodi, mahakama, na wakati ule hata masharti ya kupiga kura, vyote vilitungiwa sheria katika makao ya jimbo. Aliyelishika bunge la jimbo alishika maisha ya kila siku ya watu.

Baada ya vita, majimbo ya Kusini yaliamriwa kuandika katiba mpya, na wanaume Weusi wakapewa kura. Mwanzoni mwa mwaka 1868 mkutano wa katiba ulifanyika Charleston. Wajumbe wengi walikuwa Weusi, na kadhaa kati yao walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Smalls alikuwa mjumbe wa Beaufort. Jambo aliloling'ang'ania ni shule: alitoa pendekezo kwamba jimbo liwe na shule za umma, bila malipo, kwa watoto wote.

Katiba iliyotoka humo iliweka elimu ya lazima kwa watoto wa kati ya miaka 6 na 16, na ikasema kwamba shule zinazolipiwa na umma ziwe wazi kwa wote bila kujali rangi. South Carolina haikuwahi kuwa na utaratibu kama huo, hata kwa Wazungu maskini. Vilevile lilitolewa wazo kwamba, baada ya miaka michache, mtu asiyejua kusoma asipige kura. Wajumbe walilikataa kwa wingi mkubwa. Walijua nani aliwanyima watu wao herufi, na hawakutaka mwizi awaadhibu walioibiwa.

Mwaka huo huo Smalls alichaguliwa kuingia chumba cha chini cha bunge la jimbo. Mwaka 1870 alihamia Seneti ya jimbo, akakaa humo hadi mwaka 1874, alipochaguliwa kwenda Bunge la taifa Washington. Katika wilaya yake watu walimwona kama mfalme. Sababu moja ni ile meli. Sababu nyingine ni lugha: katika mikutano ya kampeni aliweza kuzungumza na wakulima wa visiwani kwa Kigullah chao, kisha akasimama bungeni na kujadiliana kwa Kiingereza alichojifunza ukubwani. Msemaji wa namna hii tunamfahamu sana katika nchi yetu. Ana lugha ya nyumbani na lugha ya ofisi, na watu humpima kwa kuangalia kama amesahau ya kwanza baada ya kuipata ya pili.

Masanduku manane

Wazungu waliopoteza utawala hawakukaa kimya. Mwezi Julai 1876, katika mji wa Hamburg, askari Weusi wa mgambo waliotekwa waliuawa, na Smalls alilipeleka suala hilo mbele ya Bunge la taifa. Katika uchaguzi wa mwaka huo vikundi vya Wazungu wenye silaha, waliovaa mashati mekundu, vilizunguka jimbo zima vikiwatisha wapiga kura. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa, na serikali ya jimbo ikaanguka mikononi mwa wapinzani wa Smalls.

Mwaka huo huo alishitakiwa kwamba alipokuwa seneta wa jimbo alipokea rushwa ya dola 5,000 katika kazi za uchapishaji wa serikali. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyekiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa rushwa, naye alikuwa na faida ya kuwaridhisha watawala wapya. Smalls alikana. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akakaa ndani siku chache, akakata rufaa, na mwaka 1879 gavana alimsamehe, katika mapatano yaliyofuta pia mashitaka dhidi ya Wazungu walioiba uchaguzi. Kwa hiyo mahakama haikupata kumsafisha. Msamaha hauondoi neno lililokwisha kusemwa, na adui zake walilirudia mpaka mwisho.

Alishindwa uchaguzi wa mwaka 1878. Mwaka 1880 alitangazwa kushindwa tena, akapinga matokeo mbele ya Bunge la taifa, na mwaka 1882 akapewa kiti chake. Hapo watawala wa South Carolina walibuni njia nyingine, isiyohitaji bunduki.

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1882 iliitwa sheria ya masanduku manane. Kila cheo kilikuwa na sanduku lake la kura, na juu ya kila sanduku paliandikwa jina la cheo. Kura iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Asiyejua kusoma ilimbidi kukariri mpangilio wa masanduku kabla ya kuingia. Basi wasimamizi waliyahamisha masanduku katikati ya siku. Mzungu asiyejua kusoma aliweza kuonyeshwa sanduku kwa kidole. Mweusi aliachwa ahangaike peke yake. Sheria yenyewe haikutaja rangi hata kwa neno moja. Ilitaja vyeo na masanduku tu.

Smalls aliirudia kazi ya miaka yote: kuzunguka visiwani na kuwafundisha watu namna ya kupiga kura. Alishinda tena mwaka 1884. Mwaka 1886 alitangazwa kushindwa, akapinga, na safari hii hakusikilizwa.

Mkutano wa mwaka 1895

Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba, mjini Columbia. Aliyeuongoza kwa nguvu zake alikuwa Benjamin Tillman, gavana wa zamani na sasa seneta wa taifa, ambaye hakuficha lengo lake: kuwaondoa Weusi katika kura. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita, na watano kati yao walitoka Beaufort. Smalls alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 56. Kati ya wote waliokuwa ukumbini, wachache sana walikumbuka kwa macho yao mkutano wa mwaka 1868.

Pendekezo lililoletwa linastahili kusomwa polepole na kila mwanafunzi wa lugha. Hadi mwanzo wa mwaka 1898, mtu angeandikishwa kupiga kura ikiwa anaweza kusoma kifungu cha katiba, au ikiwa anaweza kukielewa na kukieleza anaposomewa. Baada ya hapo, mwombaji mpya alitakiwa kusoma na kuandika kifungu chochote atakachopewa, au awe na mali ya thamani ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Afisa mwandikishaji ndiye angeamua nani amesoma vizuri na nani ameelewa. Afisa huyo alikuwa Mzungu.

Neno kuelewa ndilo lililofanya kazi yote. Mzungu asiyejua kusoma angesomewa kifungu chepesi, angetikisa kichwa, na afisa angeandika kwamba ameelewa. Mwalimu Mweusi angepewa kifungu kigumu, angekieleza vizuri, na afisa angeandika kwamba hakuelewa. Sisi katika isimu tunajua jinsi ilivyo vigumu kupima uelewa, hata kwa mtahini mwenye nia njema. Hapa nia ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Smalls na wenzake watano walipinga kwa siku nyingi. Smalls hakukataa kwamba mpiga kura anayesoma ni bora kuliko asiyesoma. Maisha yake yalikuwa ushahidi. Alichokataa ni kwamba kipimo kingetumika kwa haki. Alitaka kanuni iliyo sawa kwa Mzungu na Mweusi, na aliwakumbusha wajumbe damu ya Weusi iliyomwagika tangu vita viishe, na hakuna aliyeadhibiwa. Tillman alipofufua lile suala la rushwa ili kumfedhehesha, Smalls alisimama na kujibu shitaka baada ya shitaka. Waandishi wa magazeti waliokuwepo, wakiwemo wasiompenda, walikiri kwamba Weusi walizungumza kuliko wote ukumbini.

Jambo moja lilitia mkutano aibu. Wajumbe walikuwa wakijadili kukataza ndoa kati ya Wazungu na Weusi. Smalls alipendekeza kiongezwe kipengele: Mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke Mweusi asishike cheo cha serikali, na mtoto anayezaliwa apate jina na urithi wa baba yake. Mwana wa Lydia alijua alichokuwa akisema. Pendekezo lilikataliwa, lakini hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuelewa.

Katiba ilipita. Smalls alikataa kuitia sahihi. Ilipotolewa hoja kwamba wasiotia sahihi wasilipwe gharama zao, aliwajibu kwamba ni afadhali arudi Beaufort kwa miguu.

Miaka ya mwisho

Kazi yake ya kuchaguliwa na watu ilikwisha hapo, kwa sababu waliomchagua walikuwa wameondolewa. Alibaki na cheo cha kuteuliwa: mkuu wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi ambayo mitaani kwetu ingeitwa ya duane. Aliipata mwaka 1889 na kuishika kwa kipindi kirefu, pamoja na kukatizwa mara moja, hadi mwaka 1913. Hannah alikuwa amefariki mwaka 1883. Mwaka 1890 Smalls alimwoa Annie Wigg, mwalimu, aliyefariki mwaka 1895, mwaka uleule wa mkutano wa Columbia, akimwachia mtoto mdogo wa kiume.

Robert Smalls alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba aliyozaliwa uani kwake akiwa mtumwa na kufia chumbani akiwa mwenye mali. Alizikwa Beaufort, penye kanisa la Wabaptisti liitwalo Tabernacle.

Wengi wakisimulia maisha yake huishia kwenye meli, kwa sababu hapo hadithi ni tamu: kofia, king'ora, alfajiri, ushindi. Mtu akiendelea hadi mwaka 1895 anakuta hadithi ngumu zaidi. Mwaka 1834 jimbo lilimkataza Mweusi kusoma. Mwaka 1868 Smalls na wenzake waliweka shule katika katiba ili kosa hilo lirekebishwe. Mwaka 1882 na mwaka 1895 watawala walirudi na kumwambia Mweusi kwamba hapigi kura kwa sababu hajui kusoma. Kilichokatazwa jana kikageuzwa leo kuwa sharti. Shule ambayo Smalls aliitaka iwe mlango, wao wakaitengenezea kufuli na kujiwekea ufunguo.

Tunaosoma Kitivo cha Lugha tutakuwa watahini siku moja. Tutapima insha, matamshi, tafsiri, na tutaandika kwamba huyu ameelewa na yule hakuelewa. Maisha ya Smalls hayatuambii kwamba kipimo chochote cha lugha ni uonevu. Yeye mwenyewe alitoa miaka yake kwa ajili ya shule. Yanatuambia tuulize, mbele ya kila kipimo, nani alikitunga, nani anakisahihisha, na anayeshindwa anapoteza nini.

Mitihani ya kusoma kwa wapiga kura wa South Carolina ilisimamishwa na sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965. Smalls alikuwa kaburini miaka 50. Katiba ya mwaka 1895, aliyokataa kuitia sahihi, ndiyo ambayo jimbo hilo linaitumia mpaka leo, ikiwa imerekebishwa mara nyingi.